Ngoja Meno Yasimame

Mwanangu, niache niseme kabla hujawasha hiyo jenereta. Tangu uliponionyesha huo msumeno wako mpya sijakaa vizuri. Nakaa, nainuka, natoka hadi mlangoni kuangalia kama umeshaanza, narudi. Mama yako ananiuliza nina nini, namwambia sina kitu. Lakini kuna asubuhi moja ya hapa hapa Nchelenge, miaka ile ya sabini, ambayo hainiachi nikisikia sauti ya chombo cha namna hiyo, na nisipokusimulia leo sitalala.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa tata Kasongo, mjomba wa mama yangu. Yeye alivuka ziwa Mweru kutoka Pweto, upande wa Zaire kama ilivyoitwa wakati ule, akafungua banda lake karibu na maji, nyuma ya pale wanawake wanapoanika samaki. Kazi yake ilikuwa kuunda mabwato, zile boti za mbao. Tulikuwa wawili chini yake, mimi na Mwansa. Mwansa alikuwa Mbemba wa hapa, mwembamba, mwenye maneno ya kuchekesha na mkono mwepesi kuliko wangu. Tulipasua mbao za mukwa kwa msumeno wa mikono, mmoja juu, mmoja chini, mpaka mabega yanakufa ganzi.

Kisha mkandarasi mmoja aliyekuwa anajenga kule bomani akamaliza kazi yake na kuuza vyombo. Tata Kasongo akarudi na jenereta kuukuu na msumeno wa umeme wa kushika mkononi, wenye sahani ya meno inayozunguka. Sisi tulidhani kesho yake tutapasua mbao za bwato zima. Wapi. Mzee alitupatia vipande vya kutupwa, akatuambia tukate hivyo. Tena mara nyingi hakutaka hata tukate. Alitaka tubonyeze swichi, tusikilize sahani ikishika mbio, tuachie, halafu tusimame hivyo hivyo tumeshika chombo kwa mikono miwili mpaka meno yasimame kabisa. Ndipo tuweke chini. Kijana wa miaka ishirini anasimama anaangalia chuma kinavyopunguza mwendo. Mguu wangu ulikuwa unapigapiga chini kama wa mtu anayesubiri choo.

"Hii masini haijui mutu," alikuwa anatuambia, akiuonyesha msumeno. "Inajua tu kukata. Mbao, mukono, kwake yote ni moya."

Chini ya ule msumeno kulikuwa na kifuniko cha chuma chenye springi. Ukiingia kwenye ubao kinarudi nyuma, ukitoka kinafunika meno. Na wako unacho, nimekitazama. Kila asubuhi tata Kasongo alichomoa plagi kwanza, akakisukuma kwa kidole, akasikiliza kama kinarudi kwa nguvu. Kikisuasua, alitoa unga wa mbao mpaka kirudi vizuri.

Sasa, mbao za mukwa zikiwa bado na maji, kifuniko kile kinanasa. Mwansa akachoka nacho. Siku moja akatafuta kipande cha waya, akakifunga kikae nyuma, meno yabaki wazi muda wote. Kazi ikaenda kweli, sitakudanganya. Tulikata vipande vingi kabla mzee hajaingia bandani. Aliuona ule waya kutoka mlangoni. Akaenda moja kwa moja kwenye jenereta, akaizima.

"Nani alifunga ule waya?"

"Ni mimi, ba tata," Mwansa akasema. "Ile kifuniko inakamata ku mbao mubichi. Inatuchelewesha."

"Inakuchelewesha kufika wapi?"

Mwansa akautazama ubao.

"Mbao iko hapa. Weye uko hapa. Niambie, unachelewa kufika wapi?"

Hakupandisha sauti. Akakata waya kwa koleo, akautia mfukoni, akauchukua msumeno chini ya kwapa kama mtu anayebeba kuku, akaenda nao nyumbani. Sisi tukarudi kwenye msumeno wa mikono. Nakwambia, mwanangu, nilimchukia mzee yule siku zile. Nilikuwa navuta ule msumeno mrefu na moyoni namhesabia makosa.

Na haraka haikuwa yetu peke yetu. Bwato tulilokuwa tunaunda lilikuwa la Mama Ngoi, mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, mjane, Mkongomani. Bwato lake la zamani lilivunjwa na mawimbi kule Puta. Wanawe walikuwa kisiwani Chisenga na samaki wakavu wa msimu mzima, wamewafunika kwa majani, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa kusini. Samaki mkavu akinyeshewa anaota funza, hana kazi tena. Kwa hiyo Mama Ngoi alikuja bandani kila asubuhi. Anagusa mbavu za bwato, anatazama mbingu, anatutazama sisi. Hakai. Hata ukimpa kigoda anakishika tu mkononi.

Mwishowe tata Kasongo akarudisha msumeno. Akatuonyesha upya, kwa ukali zaidi. Ubao uegemee magogo mawili, na sehemu ya kukata iwe nje ya gogo, ili kipande kinachokatwa kining'inie na kuanguka chenyewe. Usikate katikati ya magogo mawili, ubao utakunjika na kuyabana meno. Na meno yakibanwa, alisema, masini haitasimama. Itajitupa nyuma, kwako. Kwa hiyo usisimame nyuma yake. Simama kando ya ule mstari, na mikono miwili usiiachie.

Asubuhi ninayokuambia, mzee alikuwa ameenda madukani kutafuta misumari. Upepo ulikuwa umeanza, ziwa linapiga kelele, majani ya paa yanapeperuka. Mwansa alikuwa anakata ubao wa ubavuni, ule mrefu. Amesimama vizuri, kando, kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa upande wa jenereta nanoa patasi.

Mama Ngoi akaingia. Aliona mwisho wa ubao unalegea kuelekea chini, akadhani unataka kuvunjika. Mama wa watu, anataka kusaidia. Akaushika ule mwisho kwa mikono yake miwili, akauinua juu.

Fikiria kidogo hapo, mwanangu. Ukiinua mwisho wa ubao, ule ufa wa msumeno unajifunga kwa juu. Mwansa aliliona jambo hilo kabla yangu. Na hapo ndipo alipokosea, yeye aliyekuwa amefanya yote vizuri: badala ya kuachia swichi na kubaki ameshika, aliondoa mkono wa kushoto ili ampungie mama aache. Akageuka na kiwiliwili ili amwambie. Akaingia kwenye mstari.

Sauti ya ule msumeno ilibadilika, ikawa kama mnyama aliyekanyagwa. Halafu ukaruka. Sikuuona ukipita. Nilimwona Mwansa amekaa chini, anatazama paja lake kwa mshangao, na suruali imefunguka na ndani yake kunakuwa kwekundu.

Nilichomoa plagi. Sijui kwa nini nilianza na hilo, mkono ulikwenda wenyewe. Mama Ngoi hakupiga kelele. Alifungua kitenge chake cha juu, akalifunga lile paja kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo yake ikatoka, akaniambia nikimbie barabarani. Kulikuwa na lori la samaki linapakia kwenda Mansa. Tukampandisha juu ya magunia, na njia yote mpaka hospitali Mama Ngoi alikuwa amepiga magoti amekandamiza lile jeraha kwa viganja, anamwambia, "Niangalie miye, mutoto yangu. Usilale. Niangalie miye."

Tata Kasongo alitukuta hospitali jioni. Misumari ilikuwa bado mfukoni. Nilingoja amgombeze mtu, nilitaka hata amgombeze Mama Ngoi ili roho yangu itulie. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza kusema.

"Fundi, ni miye niliinua mbao."

"Haukujua, mama."

"Sikujua. Lakini ni miye."

Mzee akakaa kwenye benchi pembeni yake. Baadaye daktari akatoka, akasema jeraha limeingia kwenye nyama, halikufika kwenye mshipa mkubwa. Kile kifuniko kilikuwa kimeshaanza kuyafunika meno msumeno uliporuka. Tata Kasongo alitia mkono mfukoni akatoa ule waya, akautazama, akautupa dirishani.

Bwato tulilimaliza sisi wawili kwa mikono, mzee na mimi, tukifanya kazi kama wenye wazimu, na Mama Ngoi mwenyewe akiziba nyufa kwa pamba na lami pamoja nasi. Mvua ya kwanza ilishapiga Chisenga alipofika nalo. Baadhi ya samaki waliharibika, wengine walipona. Hakulalamika kwetu hata siku moja.

Mwansa alirudi bandani anachechemea. Alifanya kila kazi ila ile moja. Ukiwasha msumeno, alitoka nje. Hakusema anaogopa, alisema anataka hewa. Tata Kasongo alimwacha siku nyingi, kisha asubuhi moja akamwita, akamwekea msumeno mikononi, plagi ikiwa nje. Akamwambia asukume kifuniko kwa kidole. Kikarudi. Ndipo akachomeka plagi, akasimama karibu naye, bega kwa bega, bila kumgusa.

Mwansa akaanza kukata. Alisimama kando ya ule mstari, mikono miwili. Alikuwa hajafika nusu ya ubao, Mama Ngoi akatokea mlangoni, amekuja kuagiza kafi, mwenye haraka yake ile ile, akaanza kusema tangu nje. "Ba Mwansa, sikia, minataka..."

Mwansa hakugeuza kichwa. Aliachia swichi. Mikono miwili ilibaki pale pale, msumeno ukiwa ndani ya ubao, na sote tulisubiri, mama, mzee na mimi, huku meno yanazunguka polepole, polepole zaidi, mpaka yakasimama. Akautoa, akauweka chini. Kifuniko kikalia tap. Ndipo akageuka, akapiga makofi kwa adabu, akamkaribisha kama wanavyoamkia kwao.

"Mwaiseni, mayo. Sasa nakusikia."

Na Mama Ngoi, ambaye sikuwahi kumwona ameketi katika banda lile, alikaa juu ya rundo la mbao akangoja zamu yake.

Sasa nenda, mwanangu, sikuzuii. Lakini chomoa plagi kabla ya kushika meno. Kifuniko kisifungwe na chochote, hata kikikuudhi. Sahani itokeze chini ya ubao kidogo tu, kiasi cha jino. Acha ishike mbio kwanza ndipo iguse mti, na usiipindishe njiani, wala usiirudishe nyuma ikiwa inazunguka. Meno yakiwa butu yabadilishe, butu ndiyo yanayonasa. Ukipasua kwa urefu, weka kabari kwenye ufa nyuma ya sahani ili usijifunge. Simama kando. Funika macho kwa miwani ya kazi. Na atakayekuja kukuita, awe mteja, awe mke wako, niwe mimi hapa kwa wasiwasi wangu, usitujibu. Achia swichi, shikilia, ngoja meno yasimame. Tutangoja. Hatuna pa kwenda.

Mungu aibariki mikono yako yote miwili. Akupe mbao nyoofu na wateja wenye subira, na mabwato utakayounda yavuke Mweru salama na kurudi, mpaka siku utakapokuwa mzee kama mimi na kuvihesabu vidole vyako, uvikute vyote.