Teresia na vidonge vilivyoitwa Profesa

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Teresia Nakolong anakwepa gunia la sukari lililo mgongoni mwa mtu. Lori la kwenda Merti linapakiwa mjini Isiolo, vumbi la unga limetanda, na kila mpakiaji anayempita ana neno la kumrushia.

"Habari ya asubuhi, Mama Profesa?"

"Mzuri. Na wewe wacha kunikanyaga," anajibu, akicheka.

Teresia, 43, ni mhudumu wa afya ya jamii. Siku nyingine hupita nyumba kwa nyumba mtaani kwao akipima watoto na kuwahimiza kina mama waende kliniki. Alhamisi ameitenga kwa ajili ya wapakiaji. Huo uprofesa hakuusomea. Aliupata kwa ulimi wake mwenyewe, na kwa miezi minne ulimkosesha usingizi.

Hapa wanaume hubeba magunia ya kilo tisini, hamsini kwa siku kazi ikichanganya. Mgongo ukigoma, wapo wanaouza tramadol kimyakimya, kidonge kimoja kimoja. Ni dawa ya maumivu ya ukoo mmoja na afyuni. Hospitalini hutolewa kwa karatasi ya daktari na kwa kipimo. Barabarani hakuna anayepima.

Dima, mpakiaji wa miaka 36 mwenye maneno mengi kuliko redio, alianza na kimoja. Kufikia mwaka jana alikuwa anameza sita kwa siku.

"Nilikuwa nabeba gunia mbili kama mtu amebeba mto," anasema. "Jioni sasa, hata kuinama nifunge kiatu ilikuwa vita."

Wakati huo Teresia alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku moja. Muuguzi Ntinyari aliwaeleza wahudumu jinsi dawa hizi, zikitumiwa ovyo, zinavyozichokoza seli za ubongo hadi kuleta uvimbe. Teresia aliandika neno hilo moja daftarini, akapiga mstari chini yake, akaja nalo mbio hadi kwenye lori.

"Hii dawa," aliwaambia, "inafanya ubongo inafura."

Dima akauliza, "Kwani ikifura, si akili inaongezeka?"

Watu walicheka hadi magunia yakatuliwa chini. Kabla ya adhuhuri vidonge vilikuwa vimepata jina jipya, na mtu akitaka viwili alisema, "Nipatie profesa mbili." Biashara ikanoga kwa miezi minne.

"Nilienda kuwakataza, nikawa nimewatangazia," anasema Teresia. "Nililia, sitaficha. Nikamwambia mzee naacha hii kazi."

Mumewe, Elijah, hakumbembeleza. "Wewe umewaambia maneno ya hospitali," alimwambia. "Waambie maneno ya lori."

Teresia alirudi kwa Ntinyari na kukaa naye saa mbili nzima, akiuliza kama mtoto. Ntinyari alimweleza kwamba ndani ya kila seli kuna kazi ya kukunja na kufunga protini. Majaribio, mengi yakiwa ya maabara na ya wanyama, yanaonyesha kuwa dawa za ukoo huu zinaweza kuivuruga kazi hiyo. Protini zilizofungwa vibaya hurundikana, seli huelemewa na kupiga kamsa. Seli za ulinzi huamka na kumwaga kemikali za uvimbe, na hata seli zisizo na kosa huumia. Bado watafiti wanachunguza, lakini wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya maumivu yenyewe kuzidi makali.

Alhamisi iliyofuata alisimama pale pale alipochekwa.

"Ndani ya kichwa yako kuna wapakiaji wadogo, hata macho haiwaoni," alianza. "Ukimeza hii kitu kila siku, wanafunga magunia vibaya. Mzigo inajaa, hakuna njia. Mnakumbuka ile siku magunia ilipasuka hapa ikafunga barabara, askari wakakuja na rungu? Walipiga nani?"

"Wote," akasema mmoja.

"Hata mimi, na nilikuwa nakunywa chai yangu," akadakia Dima.

"Basi hiyo ndio kufura."

Dima alifikiri. "Na mgongo?"

"Hao askari ndio wanazidisha uchungu. Ndio maana kidonge moja haikutosha, ikawa sita."

"Kwa hivyo napigwa," alisema Dima polepole, "halafu nanunua dawa ya kupigwa tena."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake Dima na Teresia walienda kliniki pamoja. Ntinyari alimwonya asiache ghafla peke yake, kwani mwili ungemwadhibu. Alimpangia kupunguza hatua kwa hatua, pamoja na mazoezi ya mgongo. Hii ni wiki ya tisa. Dima hubeba gunia moja kwa wakati, na wapakiaji wengine watatu wamemfuata kliniki.

Sasa Teresia anataka kufika Merti na Biliqo, ambako anasikia vidonge vinasafiri na mizigo. Kikwazo ni lugha. "Kiborana yangu ni ya kununua nyanya tu," anasema. Amemwomba Dima, ambaye Kiborana ni lugha yake ya nyumbani, aende naye mwezi ujao, yeye ndiye aseme. Dima amekubali, na amejiwekea sharti moja: siku hiyo mfuko wake uwe mtupu, bila kidonge hata kimoja.

Lori linakaribia kujaa. Dima anatua gunia, anaketi juu yake na kushika kiuno, uso umekunjamana.

"Mama Etabo," anasema, akimwita Teresia kwa jina la mwanawe, "leo inauma kweli."

"Umemeza ngapi?"

"Nusu. Ile ya asubuhi nilipangiwa, basi. Sijaongeza."

Teresia anamkalisha vizuri na kuanza kumwelekeza jinsi ya kunyoosha mgongo, kama walivyofundishwa. Kisha anageuka ili Dima asimwone akitabasamu.

"Mtu anasema anaumwa na mimi nafurahi," ananong'ona. "Mungu anisamehe."