Koti Langu Juu ya Dagaa wa Shangazi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikitoka Mkuyuni kwenda upande wa pili wa mji najiona nimesafiri, na nikirudi nataka chai. Ndiyo maana ukoo ulipoamua nikamlete shangazi kutoka kisiwani, mke wangu alicheka mpaka akaweka chini kisu cha mboga.

"Wewe? Si utapotea pale pale bandarini Nansio?"

Hakukuwa na mwingine wa kutuma. Jumamosi wakwe walikuwa wanavuka kutoka Sengerema kumposa mdogo wangu wa kike, na kwetu binti hatoki chumbani bila shangazi kumshika mkono. Baba alikwisha kufariki, na dada yake aliyebaki ni huyo mmoja. Tulikuwa tumeshawaahirishia wageni mara moja. "Kaka," mdogo wangu aliniambia, "wakirudi bure safari hii, hawaji tena."

Alhamisi nikapanda meli na koti langu. Miaka hiyo ya soko huria mitumba ilikuwa imefurika mjini, nami nilikuwa nimejipatia koti zito la sufu, lililoshonewa watu wa theluji. Nansio nikabebwa kwa baiskeli mpaka njia ilipoishia, kisha nikatembea saa mbili, mvua usoni. Upande ule wa kisiwa hautazamani na mji wowote. Ni mawe, majani makali, na mawimbi yanayojibamiza kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Koti lilikunywa mvua yote. Nilifika kama nimebeba kondoo aliyelowa.

Shangazi nilimkuta ameinama kwenye mawe, anageuza dagaa kwa ufagio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuchukua. Wakwe wanakuja Jumamosi."

"Jumamosi hii?" Akatazama mawingu. "Na dagaa wangu? Leo siku ya tatu hawajaona jua. Wenzangu wote wamekimbilia sangara wa viwandani, nimebaki na hawa. Wakikauka, tunaondoka."

"Wasipokauka?"

"Mtanisimulia."

Nilibembeleza, nikanuna, nikamtaja marehemu baba. Akaniambia nivue hilo blanketi nishike ufagio. Jioni akaenda kwa jirani kutafuta kuni kavu. "Wewe wageuze tu," akasema, na mvua ikamlaza huko huko.

Nikabaki na dagaa, na mvua inayonyesha kwa ubavu. Nilichogeuza mimi, upepo uligeuza tena. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Nani mwenye akili anaacha mali yake inyeshewe? Nikawazoa wote, nikawarundika kibandani kwake lundo moja zuri, nikafunika kwa nailoni, juu yake koti, nikakandamiza pembe zote kwa mawe. Nikalala nikijisifu.

Asubuhi shangazi aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni nasubiri shukrani. Akasimama kabla hajafika, akanusa. Akalivuta koti. Mvuke ukapanda kama umefunua sufuria ya wali.

Pwani ile hata mtoto anajua kwamba mvua huwaosha dagaa, joto ndilo huwaua. Wabichi ukiwarundika na kuwafunika, hawafiki asubuhi. Mimi nilikuwa nimewafunika kwa sufu.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alichukua ufagio akalisukuma lundo lote mpaka majini, kidogo kidogo, na alipomaliza, jua likatoka.

"Basi, sina cha kuanika," akasema, akijifunga kanga. "Twende. Na koti lako uvae."

"Shangazi, linanuka."

"Najua."

Kwenye meli abiria walituachia benchi zima.

Jumamosi akamshika mdogo wangu mkono, akamtoa, vigelegele vikapigwa. Mgeni mmoja akamuuliza shangazi kama alisafiri salama. Akaninyooshea kidole: "Huyo ndiye aliyenileta. Muulizeni alitumia njia gani."

Wakaniuliza, nikasimulia. Walicheka mpaka wakajifuta machozi, mke wangu akiwa wa kwanza. Nilipogeuka kumtazama shangazi, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka kwa nguvu zake zote, na uani hakukuwa na kitu kilichoanikwa ila koti langu.