Asili ya "Touch Wood" na Ndiva ya Suji

Nakiri kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine: kule Suji, kijijini kwetu milimani, kuna nyumba ambazo hadi leo napita mbele yake kwa kasi, kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata hayakutoka kinywani mwangu.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nimetoka Chuo Kikuu juzi tu, kijiji kikanipa kazi ya kumtafsiria mtaalamu wa maji, Mwingereza mmoja mrefu, aliyepanda kutoka Same kuja kupima ndiva yetu (bwawa la kukusanyia maji ya mifereji), maana bila vipimo vyake hakuna saruji, na bila saruji bwawa lingeendelea kuvuja na mahindi yangekauka tena. Alikuwa na siku hiyo moja tu. Kwenye kikao cha asubuhi akasema saruji itafika kabla ya mvua, kisha akagonga meza: "Touch wood!"

Mwenye akili angetafsiri "tuombe heri" akanyamaza. Mimi nikawaza, je, wakiniuliza kwa nini amegonga meza? (Hakuna aliyeuliza.) Nikawaeleza asili yake nilivyoisoma, kwamba inasemekana mababu wa Waingereza waliamini mizimu hukaa mitini, kwa hiyo mtu akitaja jambo jema hugusa mti lisije likaharibika.

Mzee Mrutu, mlinzi wa msitu wa matambiko wa ukoo wake, akainuka.

"Kumbe nao wana mizimu na hawasemi! Lakini mwanangu, hiyo si meza? Nani anakaa kwenye meza?"

"Ni desturi yao tu, mzee."

"Basi aje aguse mti wenye watu."

Hapo ningesema ni mazoea ya mdomo, lakini nikahofia wazee watadhani mgeni anawakejeli. Na nikimwambia mgeni ukweli, je, akikataa? Nikamwambia anapelekwa kuona chanzo cha maji. Akafurahi mno.

Msituni wakamvua viatu, wakamwekesha kiganja kwenye mti mkubwa, na aliyegusa haondoi mkono mpaka mlinzi amalize kuwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na Mzee Mrutu, jamani, alikuwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi. Mgeni akaninong'oneza kuuliza chanzo kiko wapi. Nikamjibu bado kidogo. Nilimjibu hivyo mara nne. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kanisa, alikataa kuingia, akabaki nje akipaza sauti:

"Ndugu msomi! Ndiyo vipimo hivyo?"

Tulipotoka jioni, ukungu ulikuwa umeshuka, ng'ambo ya ndiva haionekani, na dereva wa mgeni anapiga honi. Mgeni akateremka Same na kamba yake ya kupimia ikiwa haijakunjuliwa.

Saruji haikuja. Ikapigwa pembe ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, tukaziba nyufa kwa mawe na udongo, na shimo la kuchimba udongo nikapewa mimi peke yangu. Nilipofungua mdomo kueleza udongo upi hushika vizuri zaidi, Mama Naetwe, aliyekuwa akijaza karai lake, akanikata:

"Chimba, mwanangu. Usitueleze."

Nikachimba. Tangu siku hiyo Mzungu akishangaa, akiapa au akilaani mbele yangu, natafsiri kwa maneno matatu, "Anasema ni vizuri", na hiyo asili yake nitazikwa nayo.