Jeneza Linalorudi

Nilikuwa mpiga chapa wa halmashauri. Halmashauri gani, sitaji. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo haitawasaidia kitu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa mtaa wetu wa Mkuyuni, viwanda vya minofu ya samaki vinaota ufukweni kimoja baada ya kingine, na sisi watumishi tunaamka kila asubuhi tukiogopa kupunguzwa. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, utadhani sisi ni chumvi iliyozidi kwenye mboga. Ukikuta bahasha juu ya mashine yako, basi, kusanya kikombe chako na kanga yako uende nyumbani.

Miaka hiyohiyo watu walikuwa wanakufa sana. Sitazunguka. Wenye kwao walisafirishwa na ndugu zao, kwa kivuko au kwa lori. Wengine walifia hospitalini bila mtu wa kuwaulizia: vijana wa kambi za kuvulia sangara, wahudumu wa baa, vibarua wa viwandani. Mtaani walisema wamekanyaga miwaya, yaani wamepata ukimwi, wakacheka, kisha waliocheka nao wakaanza kukonda. Wasio na mtu walikuwa maiti wa halmashauri. Kila mmoja alichongewa sanduku lake la mbao nyepesi, baya kweli, lakini lake. Baadaye wakubwa wakasema fungu limekwisha.

Ndipo afisa ugavi akarudi kutoka semina na maneno mapya. Halmashauri ya kisasa, alisema, hainunui kitu cha kutumia mara moja na kutupa. Inanunua kitu cha kudumu, na ikiwezekana kiwe kimetengenezwa kwa vitu vilivyokwishatumika. Alianza na mapipa ya taka yaliyokatwa kutoka mapipa ya lami, na kwa kweli yalikuwa mazuri, hakuna aliyelalamika. Kisha akaleta hili: jeneza moja, la mbao zilizokwishatumika, lenye sakafu ya milango miwili. Linashushwa kaburini kwa kamba, komeo linavutwa, milango inafunguka, maiti anabaki chini, jeneza linapandishwa kwenda kumchukua mwingine. Tangazo la zabuni nililichapa mimi. Pale penye idadi nilipiga tarakimu ya moja, nikaitazama kidogo, nikaendelea na kazi.

Jioni nilimwambia kaka yangu. Alikuwa seremala hapo Mkuyuni, karakana yake ya mabati ikitazama barabara, yenye mlango mmoja tu, lakini mlango wa mninga mtupu aliourithi kwa fundi wake wa zamani. Kaka alikuwa mtu wa vitanda. Maharusi wengi wa upande ule walilala juu ya kazi yake. Aliposikia zabuni ya serikali alifurahi mpaka akaninunulia soda.

"Ukiingia kwa halmashauri umeingia," aliniambia. "Leo jeneza, kesho madawati ya shule zote."

Zabuni aliipata, kwa sababu mbao alikuwa nazo. Alikuwa amenunua makasha yaliyokuja na mashine za kiwanda cha minofu, mbao ngumu za Ulaya, nyeupe, zisizo na fundo. Alizipiga randa nje, ndani akaziacha zilivyo, kwa hiyo ndani ya jeneza ilibaki michoro ya makasha: mishale ya kuonyesha upande wa juu, na picha ya bilauri, maana yake kitu hiki kibebwe polepole. Afisa ugavi alilikagua, akafungua na kufunga ile milango ya chini kama mtoto aliyepewa kabati. Halafu likapelekwa stoo kupigwa chapa, kwa sababu kila kitu cha halmashauri lazima kipigwe chapa, kuanzia kiti mpaka toroli. Ubavuni wakaandika kwa rangi nyekundu: MALI YA HALMASHAURI. Walikwenda wangapi chini ya maandishi yale, sijui.

Sasa niwaambie habari za bibi wa uji. Alikuwa Mhaya mtu mzima, aliyekuja Mwanza zamani akimfuata mume, mume akafa, watoto wakafuata, akabaki na sufuria lake. Aliuza uji wa ulezi pembeni mwa karakana ya kaka, na kwa kuwa kuni zake zilikuwa maranda ya kaka, kaka hakuwahi kulipia kikombe. Walitaniana kutwa. Yeye alimwambia kaka Wasukuma hawajui kula, wanajua kushiba tu. Kaka alimjibu kwamba Wahaya hata kwenye uji wanatafuta Kiingereza. Ukipita pale asubuhi unasema shikamoo bibi, anakuitikia marahaba huku tayari amekumiminia.

Siku moja alikwenda kumzika jirani yake wa chumba, mwanamke asiye na ndugu, na huko ndiko alikoliona jeneza likifanya kazi. Aliporudi hakuwasha moto. Alikaa kwenye benchi la kaka, viatu vina udongo mwekundu.

"Nimemsikia alivyodondoka," alisema. "Fundi, umetengeneza kitu kibaya."

Kaka akamwambia ni kazi tu, bibi, asingetengeneza yeye angetengeneza mwingine.

"Sikulaumu. Ila mimi nisidondoshwe. Nimezaa, nimezika, nimelipa kodi ya soko miaka yote. Nisidondoshwe kama takataka za samaki. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

"Sema hutaniacha nidondoshwe."

Kaka akasema. Mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe, na nilimwona anavyosema huku anatazama pembeni. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana ahadi ya namna hiyo si ya kumpa mtu mzima ili anyamaze.

Jeneza lile lilimmaliza kaka. Bawaba zake zililegea kila baada ya muda, na trekta ya halmashauri ikawa inalileta karakanani kwa matengenezo. Linashushwa, linaegemezwa ukutani pembeni ya vitanda vya harusi, likinuka dawa ya kusafishia. Jamani, nani atanunua kitanda hapo? Nyumbani kwetu ng'ambo, Sengerema, hata jembe lililochimba kaburi linaoshwa kwanza kabla ya kurudi uani. Hapa kuna jeneza zima limekwenda makaburini, limerudi, limesimama barabarani linasubiri. Watu walianza kuvuka upande wa pili wanapofika pale. Baba mmoja aliyekuwa amelipia kabati alikuja kuomba arudishiwe, akiwa ameshika kofia mkononi kama aliyekuja msibani. Kaka aliuza randa ya umeme, akauza akiba ya mbao. Madawati ya shule hayakuja. Mama alimtumia ujumbe afunge arudi kulima pamba, kaka akauliza pamba ya kumuuzia nani, maana ushirika ulikuwa hoi na wanunuzi binafsi wanakopa.

Aliyebaki ni bibi wa uji. Naye wateja wake walipungua, kwa sababu alikuwa anapikia jirani na jeneza, lakini hakuhama. Alianza kukohoa wakati wa masika. Hakuwa na ugonjwa wa kuchekwa, alikuwa amezeeka na kuchoka na moshi. Tulimpeleka hospitali mimi na kaka, tukawa tunampelekea uji, yeye akiuonja na kusema hatujui kupika. Akafa alfajiri moja tukiwa hatupo.

Tulikwenda kumchukua. Karani wa dirishani akauliza sisi ni nani wake. Kaka akasema mwanawe. Karani akatazama jina la kaka, akatazama la bibi, akasema haya, hata kama ni mwanawe, siku hizi wagonjwa wanachangia gharama, kwa hiyo mwana alipie kitanda, dawa na chumba cha maiti ndipo apewe mzigo wake. Alisema hivyo, mzigo. Nilitaka kumrushia kitu. Tulipekua mifuko yote miwili, mshahara wangu ulikuwa bado, na kaka alikuwa hajauza hata stuli tangu masika yaanze. Tukatoka. Bibi akawa maiti wa halmashauri.

Kaka alimwendea bwana afya, aliyekuwa msimamizi wa mazishi hayo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa bahasha kama sisi sote. Kaka akamwomba walau achonge sanduku jingine kwa vipande alivyobakiwa navyo.

"Maiti wa halmashauri anazikwa kwa utaratibu wa halmashauri," bwana afya alisema. "Nikimruhusu mmoja, kesho nitaulizwa jeneza tulinunua la nini. Tena nasikia bawaba zimelegea. Litengeneze, bwana, kesho lina kazi."

Likaletwa karakanani mchana huohuo. Nilipopita kutoka kazini kaka alikuwa ameinama ndani yake, kichwa hakionekani, anafanya kazi bila kuimba. Zamani alikuwa anaimba.

Kesho yake tuliwafuata makaburini kwa miguu, nyuma ya trekta. Tulikuwa wawili, pamoja na mama mmoja muuza ndizi. Katekista alisali haraka kwa sababu wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Wachimbaji wakashusha jeneza kwa kamba mpaka karibu na chini, mmoja akavuta kamba ya komeo. Komeo likafunguka, tulilisikia. Milango haikufunguka. Wakatikisa. Wakaliinua, wakalishusha tena, wakatikisa. Mkubwa wao akaruka ndani na sururu, akagonga, akapapasa chini, kisha akatulia. Akainua uso akamtazama kaka. Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake.

Yule mchimbaji alikuwa ameshawadondosha wengi, na nadhani alishachoka kuwasikia. Akapanda juu, akajifuta mikono, akamwambia bwana afya limekataa, na mvua hiyo inakuja.

Bwana afya alizunguka kaburi kama mtu aliyepoteza funguo. Mwisho akasema lifukieni. Bibi akafukiwa na jeneza lake, na mishale, na bilauri, na maandishi mekundu ubavuni, hakudondoka hata inchi moja. Kaka alilia njia nzima ya kurudi. Nilifikiri ni furaha, na mimi nililia kwa furaha.

Baadaye aliniambia alichofanya: skrubu ndefu kumi na kitu kupitia kingo, vichwa vyake akavifunika kwa gundi na vumbi la mbao.

Ofisini ilikuwa kizaazaa. Afisa ugavi alisema mali ya halmashauri haiwezi kuzikwa, lifukuliwe. Wachimbaji wakasema afukue yeye. Kaka akaitwa, akasimama mbele ya meza yao, mimi nikiwa chumba cha pili vidole vimeganda juu ya mashine.

"Mbao zilivimba, mzee," kaka alisema. "Ndiyo matatizo ya mbao zilizokwishatumika."

Mbao hizo walizisifia wenyewe. Wakaazimia kwamba halmashauri haitanunua tena jeneza la aina yoyote. Nikalichapa azimio hilo kwa mikono yangu, nikacheka kimoyomoyo, nikadhani tumeshinda.

Haikupita wiki. Nilikuwa nimekaa na kaka karakanani, Jumamosi, trekta ikapita inatoka hospitali. Kwenye tela, lile la kubebea taka, palikuwa na turubai lililofungwa kwa kamba ya katani, na miguu imetokeza. Kijana, kwa miguu ile, na peku. Alikuwa anagongagonga kwenye bati la tela kila gurudumu linapoingia shimoni.

Kaka alisimama.

"Lilikuwa la huyu," alisema. "Jeneza. Leo lilikuwa la huyu."

Nikamwambia acha, si wewe. Hakunisikia. Aliingia ndani akatoka na bisibisi, akaanza kufungua bawaba za mlango wa karakana, ule wa mninga. Nilimwuliza mara mbili anafanya nini. Akaubeba mgongoni, akapanda nao barabara akikimbia, mzito vile, akiifuata trekta. Waliomwona walidhani mwizi.

Huko makaburini bwana afya alimwona anakuja na mlango, akageuka akaanza kuongea na dereva. Yule mchimbaji mkubwa akamsaidia kumlaza kijana juu ya mlango na kumfunga. Wakamshusha polepole. Waliokuwa naye hawakujua jina lake, hawakujua kwao. Mlango ulipofika chini walizichomoa kamba na kuanza kufukia, wakauacha humohumo.

Kuanzia hapo kaka alibeba vifaa vyake kwenye gunia kila jioni kuvipeleka nyumbani, mpaka siku moja akavipeleka na hakuvirudisha. Kabla ya hapo trekta ilipita tena, na tela, na turubai. Tulikuwa tumekaa pale kwenye uwazi ulipokuwa mlango. Kaka alitazama ndani ya karakana, akatafuta kwa macho, ukuta hadi ukuta. Hatukuwa na mlango mwingine.