Bibi wa Ghorofani na Kinasa Sauti

Juzi nilikuwa kichochoroni Mji Mkongwe, nikingojea muuza mikate ya boflo. Mtembeza wageni mmoja alikuwa akiwaeleza Wamarekani kwamba nyumba iliyo mbele yetu ilijengwa na bwana mwenye wivu, akamfungia mkewe humo mpaka akafa.

Dirisha la ghorofani likafunguka. Kikapu cha kununulia mkate kikashuka kwa kamba, kikatua begani kwa mtembeza wageni.

“Shikamoo, Bi,” mtembeza wageni akamwamkia mwanamke mzee aliyekuwa dirishani.

“Marahaba. Huyo unayemuua ni bibi yangu. Kila Ijumaa alikuwa akitoka, na aliyefungiwa ndani ni mume!”

Mama mmoja wa Kimarekani, mweusi, wa makamo, alipofasiriwa alicheka hata akashika ukuta. Akasema kisiwani kwao, huko pwani ya Marekani, nako wageni huletwa kwa mabasi kuhadithiwa habari za wenyeji, na wenyeji wenyewe wamekaa barazani wanasikiliza. Siku hizi wanajisimulia wenyewe. Hapo akatia kinasa sauti chake kikapuni, akaashiria kivutwe.

Kikapu kikapanda. Tukaanza kusikia kutoka juu jinsi bibi yake alivyokataa posa ya mfalme, kisha akampiga simba kwa bakora pale Bububu.

“Bi,” mtembeza wageni akaita, “Bububu pana simba?”

Kichwa kikachungulia. “Na humu ndani pana maiti? Bibi ni wangu. Ikiwa lazima aongopewe, ntamwongopea mwenyewe.”

Mimi simo, wasomaji. Lakini yule mama, alipofasiriwa hayo, aliomba kikapu kishushwe, akatia kaseti nyengine.