Jina Nililoligonga kwenye Bati

Msumari ukigonga bati hutoa mlio mkavu, tang, tang, unaoingia kwenye meno kabla haujafika masikioni. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu, Mwanga, nachambua dagaa, nikausikia mlio huo ukitoka uani. Nikaacha dagaa. Nilipotoka nikamkuta mwanangu Neema, wa darasa la tatu, amechuchumaa mbele ya jiwe na kipande cha kopo la mafuta, anatoboa herufi. Alikuwa ameliandika jina lake kwanza kwenye karatasi. Anaitazama karatasi, anagonga, anaitazama tena.

"Shule imepata hela za kupanda miti," akaniambia bila kuinua kichwa. "Kila mtu na mche wake, na jina lake."

Nikamnyang'anya msumari. Akalia, na sikumbembeleza. Nitawaeleza kwa nini, nanyi mnivumilie hasira zangu, maana jambo hili sijui kulisimulia kwa upole.

Nimekulia Simbo, kwa mtu mmoja wa Kiha aliyeitwa Petro. Alitupokea mimi na mama tulipokimbia vita Burundi, akatupa chumba cha nyuma, na kambini hatukwenda. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukijua kunyamaza kwa wakati, hakuna wa kukukamata. Mama alilima shamba la Petro na kuloweka mihogo yake, na kijiji kizima kilimwita Mama Eva tu. Shuleni niliandikishwa Eva Petro. "Jina ni nguo," mama aliniambia. "Ukiwa nazo mbili, vaa inayokusitiri. Na wakikuuliza maswali mengi, kohoa." Nilikohoa sana utotoni. Mke wa Petro, Mama Bukuru, alikuwa akinicheka kwamba kifua changu kimejaa uongo, siku moja kitapasuka.

Miaka ile milima ilikuwa imebaki vipara. Kuni zilichomwa kambini, zilichomwa na vijijini, lakini lawama ilikuwa na mwenyewe mmoja. Wakimbizi wamemaliza miti. Alisema mwalimu, alisema mtendaji wa kijiji, alisema hata mlevi aliyekuwa akiuza mkaa. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu.

Ndipo shule yetu ikapata ruzuku ndogo ya mazingira. Ilitosha majembe, keni za kumwagilia, viriba vyeusi vya kuoteshea miche na mbegu za mjohoro. Udongo wa kitalu ulinuka samadi na mvua, na viganja vyetu vilibaki na harufu ile hata baada ya ugali. Mtoto mmoja, mti mmoja. Wafadhili wangekuja kuona miti iliyo hai, kwa hiyo mche wako ukifa unakula viboko vinne na kupewa mwingine. Vibao vya majina tulivikata kwenye makopo ya mafuta ya msaada, yaliyozagaa sokoni, tukatoboa herufi kwa msumari.

Wavulana wakagonga majina ya wachezaji mpira. Mwalimu Ruben, aliyesimamia mradi, akavikusanya na kuvitupa.

"Nataka jina la kweli," alisema. "Ulilopewa siku uliyozaliwa. Mti ukidanganywa jina, haushiki."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kibao changu kilisema EVA PETRO.

Mche wangu ukafa. Leo najua walikuwa mchwa, lakini nilikuwa na miaka tisa. Nikala viboko, nikapewa wa pili, na baada ya wiki nao ukaanza kulegeza majani. Niliumwagilia maji yangu ya kunywa. Niliusemesha. Mwisho nikajificha nyuma ya choo cha shule, jua la saa saba likiniwaka kisogoni, nikageuza kibao upande wa pili na kugonga herufi tisa: NDUWIMANA.

Nifafanue hapo. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halirithiwi. Baba alikuwa na lake, mama lake: Ntirampeba, yaani Mungu hajaniacha. Nduwimana lilikuwa langu peke yangu, mimi ni wa Mungu. Lilikuwa kitu pekee nilichovuka nacho mpaka.

Mti ukashika. Ukanifika magotini, ukanifika kiunoni. Nilijua siri yake nao ulijua yangu.

Wageni wakaja siku ya jua kali, tukaimba, tukapiga makofi. Mmoja wao, baba mpole mwenye kofia, alikuwa akiinama kwenye kila mti na kusoma kibao kwa sauti. Wangu aliusifu kuwa mzuri kuliko yote, akasoma vibaya, akarudia. Nyuma yake mtendaji akaacha kutabasamu.

"Nduwimana," akasema. "Huyu wa ukoo gani hapa Simbo?"

Mwalimu Ruben alitazama chini. "Mti wa Eva, wa kwa Petro," alisema.

Nilikohoa. Haikusaidia. Siku zile askari walikuwa wanapita vijijini kuwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi.

Kesho yake nilirudi kutoka kisimani nikawakuta uani, mtendaji na mgambo wawili. Petro hakuwepo, alikuwa Ilagala kununua samaki. Mtendaji alikuwa ameshika kibao changu.

"Nduwimana ni nani hapa?"

Mama alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini taratibu. "Ni mimi," akasema.

"Tumeambiwa ni mtoto."

"Mtoto ni wa Petro. Mimi namlea tu, ndiyo maana wananiita Mama Eva. Alilipenda jina langu akaligonga kwenye bati. Watoto si unawajua."

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema neno Mama Bukuru alinivaa na kunizaba kofi lililoniangusha na ndoo yangu.

"Nimekutuma maji au nimekutuma kuzurura?" akafoka. "Unaiaibisha nyumba ya baba yako. Ingia ndani."

Mgambo mmoja akacheka. "Hilo kofi la mama mzazi," akasema, na hapakuwa na swali tena juu yangu.

Mtendaji alitoa karatasi, akanakili jina, akiinua macho kwenye bati na kuyarudisha kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Mama akanyoosha mkono. "Nipe jina langu," akasema, na alipopewa kibao akakifunga kwenye pindo la kitenge. Alipopita mlangoni nilipokuwa nimesimama alinisemesha kwa Kiswahili, yeye ambaye hakuwahi kunisemesha Kiswahili tukiwa peke yetu.

"Kwaheri, mtoto. Mtii mama yako."

Hakugeuka. Nikamchukia. Naandika hili bila aibu: kwa miaka mingi nilimchukia mama yangu kwa kunikana na kwa kuondoka na kibao changu.

Petro aliporudi alikwenda kambini kuuliza, akamtaja kwa jina alilolijua, Ntirampeba. Hakuna. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda mwenyewe. Karani alipitisha kidole kwenye madaftari: Ntirampeba, hakuna. Nikarudi mwaka uliofuata. Hakuna. Nikaamua amekufa, au hataki kuonekana. Sijui lipi lilinikera zaidi.

Sasa mrudieni Neema na karatasi yake. Anatazama, anagonga, anatazama. Nilikuwa nimeshika ule msumari, nataka kuutupa juu ya paa, ndipo nikamwona mtendaji akinakili herufi zangu tisa. Nani angedhani uongo wa dakika moja utaingia daftarini? Ile karatasi ilipanda lori pamoja na mama. Hakuniibia jina. Lilikuwa na hatia, akalibeba yeye, akaniachia Eva Petro nisome, nipate cheti, nizae mtoto asiyehitaji kukohoa. Na mimi, mpumbavu, nikaenda kumtafuta kwa jina aliloliacha kwenye maganda ya mihogo.

Nikamrudishia Neema msumari wake. Jumatatu nikaenda kambini.

"Unamtafuta nani?" karani aliniuliza.

Kifua kikataka kukohoa. Nikakizuia, nikamtajia jina langu.

Alifungua daftari, kidole kikashuka, kikasimama. Nduwimana, mwanamke, ametoka Simbo, hana ndugu. Alikuwepo miaka yote ile. Miezi minne baada ya safari yangu ya pili alipandishwa basi na wengine kurudishwa Burundi, na mbele ya hapo mstari ni mweupe.

"Alikuwa akikaa pale," karani akasema, akaonyesha kwa kidevu nyumba ya nne kutoka dirishani. "Ule mjohoro wa mlangoni aliupanda yeye. Kwenye shina alitundika kibati."

Mara zote mbili nilisimama kwenye dirisha hilihili, nikimwulizia mtu mwingine.