Kanga Niliyoinunua Mwenyewe

Mnicheke tu, nimestahili. Juzi gari la sinema lilikuja kwetu Mabawa, likatundika shuka jeupe uwanjani. Mke wangu alitangulia na mama yake, mgeni wetu kutoka Pongwe. Mimi nilifika giza limeshaingia, picha ya kilimo cha chai inakwisha. Upande wa wanawake nikaiona ile kanga nyekundu niliyomnunulia mke wangu, imefunikwa kichwani. Nikanyatia, nikachutama nyuma yake, nikampenyezea karanga. Akapokea, akatafuna.

Ikaanza picha ya kuchekesha: bwana mmoja mnene anafukuza bata, kila akikaribia anaanguka.

“Mwangalie,” nikamnong'oneza, “kama mama yako na kuku wetu! Tena huyu ana nafuu, hatumalizii chapati. Hivi anarudi lini kwao?”

Picha ikakatika, taa ya gari ikawaka, kanga ikageuka. Mama mkwe, shavu limejaa karanga zangu!

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba, baba. Doti moja ni kanga mbili. Mkeo yuko nyuma yako, kajifunika ya pili, na yote kayasikia. Karanga zimebaki?”